Uzoefu wangu na bunduki ya .308 ya kiwandani iliyokuwa ikitawanya risasi

Mpenzi yeyote wa shabaha hapa Nairobi akitafuta bunduki ya bolti (inayokokiwa kwa mkono kila risasi) ya bei ya chini, kuna uwezekano mkubwa ataonyeshwa moja inayofanana na yangu: kipimo cha risasi cha .308 Winchester, mtutu mwembamba wa sentimita 56, kitako (mwili wote unaobeba chuma, kuanzia begani hadi chini ya mtutu) cha plastiki nyeusi, uzito wa kilo tatu hivi kabla ya kufunga skopu, yaani darubini ya kulengea. Niliinunua mpya, ingali na mafuta ya kiwandani. Jina la kampuni naliacha kando. Kampuni nyingi kubwa zina bunduki ya daraja hili, na tabia zake hazitofautiani sana.

Chuma chake hakina lawama. Bolti inateleza vizuri, ganda linatoka bila kukwama, na kufuli ya usalama iko pale pale kidole gumba kinapofika. Shida ilikuwa kwenye karatasi ya shabaha. Kwa mita 100, risasi tano zilikuwa zinatawanyika hadi sentimita 9, wakati mwingine zaidi. Dakika moja ya pembe, kipimo ambacho wapigaji hupimia mtawanyiko, kwa umbali huo ni milimita 29 tu, kwa hiyo yangu ilikuwa inatupa mara tatu ya hapo. Ukienda mita 300 mtawanyiko huo unafika sentimita 27 au kuzidi, na duara la kumi kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 300 lina kipenyo cha sentimita 10. Hata ulenge vizuri namna gani, alama unaziachia bahati.

Inafaa ujue bunduki hizi zimeundwa kwa ajili ya nani. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sisi wenye cheti cha kumiliki silaha tunapiga karatasi na vyuma. Aliyezibuni alimfikiria mwindaji wa kule Marekani, anayebeba bunduki siku nzima mlimani kisha apige risasi moja, labda mbili, mtutu ukiwa baridi. Ndiyo maana mtutu ni mwembamba na kitako ni chepesi. Sisi tunaipeleka uwanjani na kuidai risasi kumi mfululizo juani. Sisemi hilo kuitetea kampuni. Nasema ili ujue pa kutazama.

Ushauri ulikuja kwa wingi. Mmoja aliniambia mtutu ni mbovu, niuze. Mwingine alisema ni hewa ya Nairobi, kwa kuwa tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu kweli ni nyepesi, karibu asilimia 15 chini ya ile ya Mombasa, na risasi hapa hushuka umbali mdogo kuliko pwani. Lakini hiyo huhamisha kundi zima la matundu kwa pamoja. Haiwezi kulifumua kundi likawa sentimita 9. Wa tatu alinishauri ninunue risasi za kila aina nijaribu moja moja. Huyo alisahau kwamba idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuweka imeandikwa kwenye cheti chako, na kwamba boksi moja la risasi za mashindano si bei ya mkate.

Kwa sababu hiyo naamini mtu wa hapa anapaswa kuanza na kila kipimo kisichohitaji kufyatua risasi hata moja. Vipo vingi, na mimi jibu langu lilitoka huko.

Toa magazini, toa bolti, tazama chemba (mahali risasi inapokaa) kwa macho na uguse kwa kidole. Hapo ndipo kazi inaanza. Nilianza na skrubu. Bunduki ya namna hii imeshikwa na skrubu mbili zinazounganisha chuma na kitako, na nyingine ndogo zinazoshika besi (kipande cha chuma kinachobeba pete) na pete za skopu. Kukaza kwa mkono hakutoshi, maana mkono wa leo si mkono wa kesho. Nilizunguka Kirinyaga Road nikitafuta spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, nikaonyeshwa nyingi nzuri za magari, lakini hizo huanzia juu mno. Zitakata skrubu hizi kabla hujasikia mlio wake. Unayohitaji ni ile ndogo ya mafundi wa baiskeli, inayoanzia Nm 2 (nyutoni-mita). Kijitabu cha bunduki yangu kinataka Nm 5 kwenye skrubu za kitako. Pete za skopu zinataka Nm 2 hivi. Vijitabu vingi vya Marekani huandika kwa pauni na inchi: gawanya kwa 8.85 upate Nm. Skrubu moja ya besi ilikuwa imelegea tangu kiwandani. Niliitoa, nikaisafisha mafuta, nikatia tone la gundi ya nyuzi za skrubu na kuikaza upya. Mtawanyiko ulipungua kidogo. Kidogo tu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kila mwenye kitako cha plastiki akijaribu leo jioni. Chukua noti ya shilingi mia, ipitishe kati ya mtutu na kitako, uivute kutoka mbele kuelekea chemba. Mtutu unatakiwa uwe huru, usiguse kitako popote mpaka karibu na chemba. Noti yangu ilipita bila kizuizi, na wengi huishia hapo wakaridhika. Lakini wakati huo bunduki ilikuwa imelala mezani. Nikaiweka juu ya bipodi, ile miguu miwili ya mbele, nikalala nyuma yake kama niko uwanjani, bega likisukuma mbele kidogo kama tulivyofundishwa, nikamwomba mdogo wangu avute noti. Akaniambia, "Kaka, haitoki." Nikiachia bega, inatoka. Nikisukuma, inabanwa upande wa kulia.

Plastiki ile ya mbele ya kitako ni tupu ndani, kuta zake ni nyembamba, na inapinda ikibebeshwa uzito. Kila nilipolala nyuma ya bunduki nilikuwa naukandamiza mtutu kwa kitako bila kujua, tena kila risasi kwa nguvu yake tofauti. Mtutu unapofyatua hutetemeka kama uzi wa gitaa, na ukiugusa mahali tofauti kila mara, utapeleka kila risasi mahali tofauti. Ongeza na joto: mtutu mwembamba ukipata moto hujipinda kidogo, na ukiwa umekaribia ukuta wa kitako, nafasi iliyobaki inaisha. Nilipotoa karatasi zangu za zamani na kuzitazama upya, nikaona risasi mbili za kwanza kwa kawaida ziko karibu, kisha ya tatu, ya nne na ya tano zinapanda juu zikielekea kushoto, mbali na ule upande uliobana noti. Mara nyingi mstari wa namna hiyo ni dalili ya joto na kuguswa. Skopu iliyolegea, kwa kawaida, hutoa makundi mawili. Risasi zisizoipenda bunduki hutawanyika pande zote bila mpangilio. Tunza karatasi zako, na uandike namba kando ya kila tundu kadiri unavyopiga.

Njia ya bure ya kuthibitisha ipo. Acha bipodi nyumbani, weka mfuko wa mchanga chini ya bunduki karibu na magazini, mahali kitako ni kigumu, na uache mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuondoa mkono. Nilipofanya hivyo, risasi zile zile, bunduki ile ile, kundi lilishuka hadi kama sentimita 5. Hakuna kilichonunuliwa.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Mdomo wa mtutu: pitisha pamba ya kusafishia masikio ukiizungusha ukingoni, na ikinasa nyuzi, kuna kovu. Wangu ulikuwa safi. Mabaki ya shaba ndani ya mtutu: dawa yenye amonia huyatoa yakiwa rangi ya bluu kwenye kitambaa, endelea mpaka kitambaa kitoke cheupe, ukisukuma fimbo kutoka upande wa chemba na si mdomoni. Yalikuwepo, lakini si ya kutisha kwa mtutu mpya.

Mpigaji naye lazima apimwe. Klabuni kuna mzee mmoja ambaye amepiga shabaha tangu ujana wake na anaheshimika na kila mtu pale. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba upige risasi tano na hii yangu, juu ya bipodi." Akalala, akavuta pumzi, akapiga bila haraka. Kundi lake halikuwa tofauti na langu. Aliponirudishia akasema, "Kijana, bunduki hii inataka fundi. Na hiyo triga yake inavuta kama punda mkaidi." Tuliipima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki: karibu kilo tatu. Yaani unaivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa bunduki yenyewe, kisha unategemea isitikisike.

Fundi niliyemwendea amesajiliwa kisheria kwa kazi ya silaha, na hilo nalisisitiza, kwa sababu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikupi ruhusa ya kumwachia bunduki yako fundi wa vyuma yeyote. Alifanya mambo matatu. Alizungushia karatasi ya msasa kwenye bomba, akapanua mfereji wa kitako anamolala mtutu hadi nafasi ikawa ya kuonekana kwa macho pande zote mbili. Kisha akajaza ile sehemu tupu ya mbele kwa gundi nzito ya epoksi ya mchanganyiko wa mirija miwili, akalaza ndani yake fito mbili za aluminiamu, akaacha ikauke kabisa. Tatu, akatandika epoksi ile ile pale chuma kinapokaa kwenye kitako, hasa nyuma ya kile kipande kinachopokea teke la bunduki, ili kila baada ya risasi chuma kirudi mahali pake pale pale. Triga aliirekebisha ikawa kama kilo moja na nusu, na akakataa kwenda chini ya hapo hata nilipouliza. Alisema bunduki ikianguka na triga nyepesi mno inaweza kujifyatua yenyewe. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kazi ya epoksi.

Bunduki iliongezeka uzito kidogo mbele, na hiyo kwangu ni faida. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya skopu ya maana.

Baada ya hapo tu ndipo niligusa suala la risasi. Kwanza pima msokoto wa mtutu wako, yaani jinsi mifereji ya ndani inavyoizungusha risasi: funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia, weka alama, sukuma taratibu mpaka alama izunguke mara moja kamili, kisha pima umbali ambao fimbo imeingia. Yangu ilikuwa sentimita 25 na kitu, yaani mzunguko mmoja kwa inchi 10, na msokoto huo unabeba vizuri risasi nzito. Nililinganisha aina mbili tu. Zile za bei nafuu za koti kamili la chuma, gramu 9.5, zilinipa kundi la sentimita 5. Za mashindano, gramu 10.9 zenye ncha wazi, zilishuka hadi karibu 3. Tofauti hiyo ipo kweli, lakini kabla ya fundi nisingeiona kabisa. Ingemezwa na ule mtawanyiko wa kitako na ningetupa pesa.

Skopu pia niliipima, kwa kuzungusha vifundo vyake kwa mibofyo, nikihamisha shabaha kwenye pembe nne za mraba na kurudi nilipoanzia. Ilirudi mahali pake. Kama yako hairudi, hayo mengine yote niliyoyaeleza hayatakusaidia, badilisha.

Kwa sasa bunduki hii inapiga sentimita 3 hadi 4 kwa mita 100, risasi tano, mtutu ukipewa muda wa kupoa. Kwa mita 300 nabaki ndani ya duara la tisa mara nyingi, na nikikosa najua ni mkono wangu. Ningemshauri mtu ainunue? Mwenye bajeti ndogo, ndiyo, ila atenge pesa ya kitako tangu mwanzo, kwa sababu kilichokuja kwenye boksi hakistahili mtutu ule. Mwenye uwezo wa kuongeza kiasi anunue yenye kitako kigumu na mtutu mnene, apunguziwe safari ya kwa fundi. Anayetaka kushindana kwa risasi nyingi za haraka aiache kabisa, maana hakuna epoksi itakayofanya mtutu mwembamba usipate moto.

Kwa bunduki yenyewe nampa muuzaji nyota tatu kati ya tano. Chuma na bolti pekee vingepata nne na nusu. Kitako kimezirudisha chini, na skrubu ile ya besi iliyolegea imeondoa nusu nyingine. Ukiwa na ya aina hii, kaza skrubu za kitako upya baada ya boksi la kwanza la risasi, kwa sababu plastiki hukandamizika kidogo na zile Nm 5 hupungua zenyewe.