Michoro ya Rembrandt kutoka tovuti ya Rijksmuseum: uzoefu wangu

Nafundisha shule ya Jumapili, na picha za Biblia za madukani zimenichosha: kila mtu katoka kuoga, kila kondoo mweupe pe. Nikahamia kwenye tovuti ya makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Michoro ya Rembrandt, msanii Mholanzi wa karne ya 17, unaipakua bure na kuitumia utakavyo.

Usitarajie rangi. Hii ni michoro ya kuchapa: bamba la shaba lilipakwa nta, Rembrandt akachora kwa sindano, asidi ikala palipokwaruzwa, kisha likatiwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Utamu wote uko kwenye mistari, na tovuti inakuza picha hadi unaona kila mkwaruzo.

Niliyoipenda kuliko zote ni Msamaria Mwema ya 1633. Majeruhi anateremshwa kwenye farasi nje ya nyumba ya wageni, mwanamke anachota maji kisimani, na mbele kabisa mbwa kachuchumaa anajisaidia! Darasa lilicheka mpaka basi. Wakishatulia, maswali yakaanza: yule wa dirishani ni nani, mbona anaangalia tu? Kwa picha za madukani sijawahi kuulizwa hivyo.

Malaika kwa Wachungaji ya 1634 nayo inafaa. Mbingu zimefunguka usiku, ng'ombe na kondoo wanatimua mbio ovyo.

Adamu na Hawa ya 1638 niliibakiza nyumbani, uchi wao ni wa kweli mno kwa watoto wale. Ila mkubwa mwenzangu, itazame: nyoka kachorwa joka lenye makucha, na kwa nyuma, chini kulia, kuna tembo mdogo. Inaaminika ni Hansken, tembo jike aliyeletwa Ulaya kutoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Kwa sisi tuliozoea wa Mikumi, masikio yale ni madogo kweli.

Kasoro zipo. Faili ni kubwa, bando linakwisha hujamaliza kuchagua, na Kiswahili hamna. Uchapishaji nao ni mtihani: steshenari moja ya mtaani ilinitolea usiku wa wachungaji ukiwa lami tupu, malaika kapotea humo humo. Omba wachape nakala moja ya majaribio kwanza, kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Na msikuze kupita kiasi. Adamu na Hawa yenyewe ina urefu wa sentimita 16 tu.