Viatu kwanza, koti baadaye: nini cha kununua kabla ya wiki moja Kigezi

Kila jamaa wa Nairobi au Dar akiniandikia kwamba anakuja Kampala na kutoka hapo anataka wiki moja ya misitu na vilima kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, anaanza na koti la mvua. Koti gani, la bei gani, anunue kwao au anunue huku. Namuuliza: na miguuni utavaa nini? Hapo ananyamaza, au anasema ana raba nzuri tu.

Mvua ya Kigezi hunyesha saa mbili ikakatika, jua likatoka, watu wakarudi shambani. Matope yake hayaendi popote. Yanakungoja kesho asubuhi kwenye kijia cha mteremko, yamelainika vizuri, na hayana habari na koti lako. Kwa hiyo pesa yangu naipanga hivi: viatu, kisha nguo kavu za usiku, kisha koti. Wengi huanza na koti, ndiyo maana nawaona wamekaa chini kwenye tope wakiwa wamevaa makoti mazuri sana.

Safari yenyewe nayoizungumzia ni ile ya kawaida. Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima imekwisha. Kisha siku mbili Ziwa Bunyonyi, mbili Bwindi kwenye msitu wa gorila, mbili Kisoro na hifadhi ya Mgahinga chini ya volkano. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi digrii 10 hivi. Miezi ya mvua nyingi ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Ukija Julai utapata vumbi barabarani, lakini ndani ya Bwindi usijidanganye, msitu ule una mvua zake.

Viatu: nafasi ya kwanza ni gambuti

Ndiyo, gambuti, zile za mpira zinazofika karibu na goti, za mkulima na muuza maziwa. Watu wa mjini huzionea aibu. Lakini simama pembeni ya barabara Jumapili asubuhi utazame mzee wa Kikiga, wenyeji wa vilima hivi, akienda kanisani: koti zito la suti, mwavuli, fimbo, na gambuti zilizooshwa zikang'aa. Huyo ameishi miaka 70 kwenye vilima hivi na hakuna muuzaji wa vifaa vya safari atakayemfundisha kitu. Askari wa hifadhi wanaoongoza wageni msituni nao wengi wao utawakuta na gambuti.

Sababu ni nyepesi. Bwindi huendi kwenye njia iliyochongwa tu. Kufuata gorila, mwongozaji anafyeka kwa panga, unashuka korongo, unavuka kijito, unakanyaga majani yaliyolala juu ya majani mengine hadi hujui ardhi iko wapi. Mguu unazama hadi kwenye muundi. Buti fupi ikishaingiza maji juu, imekuwa ndoo. Gambuti unaizamisha, unaichomoa, unaendelea. Na siafu: ukichomeka suruali ndani ya gambuti, wana kazi ndefu ya kupanda kabla ya kukufikia.

Zina ila zake. Hazishiki kifundo cha mguu. Kwenye mteremko mrefu vidole vinagonga mbele, na kisigino kikicheza ndani unapata malengelenge siku ya kwanza. Dawa yake ni soksi. Nunua gambuti kubwa kwa namba moja kuliko kiatu chako cha kawaida, uvae soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya juu ile ndefu ya mpira wa miguu. Soksi fupi ni kosa, kwa sababu ukingo wa gambuti unakusugua kwenye shavu la mguu, na kidonda cha pale hukipati dawa kirahisi kwa sababu kila hatua inakitonesha.

Dukani usiangalie rangi. Geuza kiatu utazame meno ya soli. Yawe marefu na yameachana, kwa sababu meno yaliyobanana hujaa tope mara moja na kiatu kinakuwa laini kama sabuni. Kunja shingo ya kiatu kwa mikono miwili. Ikionyesha nyufa nyeupe, rudisha. Vaa zote mbili, tafuta ngazi, shuka. Kisigino kikiinuka sana, omba namba nyingine. Kabale zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo na vifaa vya ujenzi, kwa bei ya mkulima. Mwenye mguu mkubwa, namba 45 kwenda juu, anunue Kampala asibahatishe.

Nafasi ya pili: buti za kupandia mlima

Kama safari yako ina Muhabura, moja ya volkano tatu za Mgahinga, nibadilishie mpangilio, buti zichukue nafasi ya kwanza. Muhabura ni mita 4,127, unapanda na kushuka siku hiyo hiyo, na sehemu kubwa ni mwinuko wa mawe ya volkano na nyasi. Gambuti kule zitakuumiza. Sabyinyo vilevile, ina ngazi za miti na vilele vitatu, na kile cha tatu ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Mkono unashika, kifundo kinahitaji kushikwa pia. Gahinga, mita 3,474, ndiye mpole wao. Unapita kwenye mianzi, tope lipo, na hapo kiatu chochote kati ya hivi viwili kinatosha.

Sasa suala la mitumba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimelipia ada.

Buti mpya nzuri ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunakwenda kwenye mitumba. Mimi nilinunua jozi ya ngozi, inanukia dukani, haina hata mkwaruzo. "Ssebo (bwana), hii imetoka Italia, haijavaliwa kabisa," kijana akaniambia, na nadhani alisema kweli. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Tulikuwa Ruhija, upande wa juu wa Bwindi, tukishuka kwenda kinamasi cha Mubwindi, njia ambayo kwenda ni kushuka tu na kurudi ni kupanda tu. Katikati ya mteremko nikahisi mguu wa kulia umekuwa mfupi. Nikatazama nyuma: soli nzima imelala kwenye tope kama samaki. Dakika kumi baadaye ya kushoto ikamfuata mwenzake. Mpagazi wetu hakucheka, alitoa vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli mfukoni, akanifunga kama mzigo, na nikatembea hivyo hadi jioni. Wenzangu walimwona ndege waliyemfuata, yule wa kijani mdogo ambaye wapenda ndege wanavuka bahari kuja kumtafuta. Mimi nilikuwa natazama miguu.

Baadaye fundi wa viatu alinieleza. Ile tabaka laini kati ya soli ya chini na ngozi, katika buti nyingi, hutengenezwa kwa poliurethani. Unyevu wa hewani huivunja taratibu, kiatu kikiwa kimevaliwa au kimekaa kabatini. Miaka inapita, kwa nje kinang'aa, ndani kimekuwa kama mkate mkavu. Kiatu kilichokaa sana bila kuvaliwa si afadhali kuliko kilichovaliwa.

Basi ukinunua mtumba, bonyeza ile tabaka ya kati kwa ukucha wa kidole gumba. Ikiacha alama na isirudi, au ikitoa unga, weka chini. Kisha kunja kiatu kwa nguvu mara ishirini mbele ya muuzaji. Atakununia. Kikunje tu. Na usivae kiatu kipya wala mtumba kwa mara ya kwanza siku ya kwenda msituni. Kitembeze wiki mbili kwenye vilima vya Kampala, vipo vya kutosha.

Nafasi ya tatu na ya mwisho

Raba za kukimbilia zinafaa kwenye gari, kwenye mtumbwi Bunyonyi, na jioni kambini. Msituni ni kuteleza. Kandambili ni za bafuni. Yamekwisha.

Nguo kavu

Hapa hakuna ushindani. Sweta moja la fulana nzito ya poliesta, ile yenye manyoya manyoya, suruali moja na soksi jozi moja, vyote ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nene iliyofungwa fundo, na kaveera hiyo haifunguliwi mchana hata mbingu zikianguka. Ni nguo za kulalia. Pamba inabeba maji na kukaa nayo. Fulana ya pamba ikilowa saa nne asubuhi utakuwa nayo mbichi mwilini hadi jioni, na kwenye mita 2,300 upepo ukivuma utatetemeka. Poliesta ukiikamua na kuitikisa, inaanza kukauka ukiwa umeivaa. Mitumba imejaa masweta haya na hayana siri kama ya viatu. Suruali ya jinzi, tafadhali, ibaki nyumbani.

Koti: hapa ndipo watu wanapotupa pesa

Yale makoti ya bei kali yenye utando unaopitisha mvuke na kuzuia maji ni kweli yanafanya kazi, lakini yanafanya kazi kwa sababu ndani kuna unyevu kuliko nje. Ndani ya Bwindi nje nako kumejaa unyevu. Unapanda, jasho linatoka, halina pa kwenda, na mwishowe umelowa kwa maji yako mwenyewe. Ndiyo maana la kwanza kwangu ni koti jepesi la nailoni lenye kofia, mishono iliyofunikwa kwa utepe ndani, na zipu za kufungua chini ya makwapa. Zipu za makwapa ndizo nazilipia. La mtumba ligeuze ndani nje. Likiwa linabanduka vipande kama ngozi ya nyoka, halizuii maji tena.

La pili, mtanicheka, ni mwavuli. Si msituni, huko utanasa kwenye kila tawi. Lakini nusu ya wiki hii ni kutembea barabarani: kuzunguka Bunyonyi, kupanda kutazama visiwa 29 vya ziwa, kungoja gari Kisoro. Mwavuli mkubwa unakufunika wewe na begi, hutoi jasho, na mvua ikikatika ni fimbo.

La tatu ni suti ya mvua ya vipande viwili, ya plastiki, kama wanayovaa vijana wa bodaboda. Ukipanda boda kwenye mvua hakuna kinachoishinda. Suruali yake iteremshe juu ya gambuti ili maji yasiingie kwa juu. Ukiingia msituni geuza, suruali iingie ndani, kwa sababu ya siafu. Kupanda mlima nayo ni kama kuchemshwa.

La mwisho ni poncho. Inafunika begi vizuri, lakini miiba inaipasua na upepo unaifanya tanga. Na chochote unachonunua, koti, poncho, kofia au begi, kisiwe na madoa ya rangi za jeshi. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na askari wa kizuizi cha barabarani hatakuwa na hamu ya kusikia kwamba ulinunua kwa ajili ya kutazama ndege.

Vidogo vinavyobaki

Glovu za bustani, za kushikia miti na majani ya kuwasha, bei ya chakula cha mchana. Tochi ya kichwani. Barakoa, kwa sababu mbele ya gorila utaambiwa uvae, na mwenye mafua harudishiwi uso mzuri, anarudishwa yeye. Fimbo usinunue, utapewa mwanzoni mwa njia.

Kama bajeti inabana, tazama hesabu nzima: kibali cha kuwatazama gorila ni dola 800 kwa mgeni wa nje, lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, tangu Julai 2024. Beba pasipoti au kitambulisho. Nafasi ni watu wanane kwa kundi moja la gorila, saa moja nao, na mvua haiahirishi safari. Ile tofauti ya kibali inatosha kununua gambuti za kijiji kizima.

Na mpagazi mlipe, hata kama begi lako ni jepesi. Siku ya mwisho wengi humwachia gambuti, maana kurudi nazo kwenye basi la Kampala ni mzigo na harufu. Muulize namba ya kiatu chake kwanza siku ile ile ya kwanza. Wangu alivaa 42, mimi 44, akasema hakuna neno, ana shemeji.