TAHADHARI: Mapezi ya "faibaglasi" ya ubao wa kafi yanayouzwa mtandaoni ni plastiki tupu

Ndugu zangu wa Jambiani, Paje, Nungwi na popote mnapokodisha mbao za kusimama na kupiga kafi, naomba msome hadi mwisho kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba ana duka Kariakoo. Anauza mapezi ya ubao, yale yanayochomekwa chini yake ili uende sawa, kwa shilingi 85,000 moja, na anaapa kwamba ni faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu. Si faibaglasi. Nilinunua sita, nikalipa 510,000, na kidogo mgeni wangu aingie hatarini kwa sababu yake.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yameshaanza kutoka. Nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, tunapita kando ya mashamba ya mwani, maji yanafika mapajani. Pezi la ubao wa yule mama likagusa kijiti cha mwani. Likagusa tu, wala hakuwa na kasi. Nikasikia "ta!" kama ukuni mkavu. Wenye kazi hii mnajua: ubao usio na pezi hauendi mbele, kila ukipiga kafi unageuka. Na maji ya bamvua yakitoka hukimbilia kwenye mlango wa mwamba, kuelekea bahari kuu. Mama wa watu akawa anazunguka huku anavutwa. Nilimfikia, nikashika kamba iliyofungwa mguuni kwake, nikamkokota mpaka kwenye mchanga. Alikuwa analia, na mimi mikono inanitetemeka.

Jioni nikalikagua lile pezi. Limekatika pale pale linapoingia kwenye ubao, kipande kimebaki ndani ya mtaro wake. Palipokatika pana rangi ya maziwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate. Ile michoro ya nyuzi nyeusi iliyonivutia ilikuwa karatasi ya plastiki iliyobandikwa; niliiparura kwa ukucha ikabanduka. Nikachukua la pili nikalikunja kwa mikono, nalo likakatika. La tatu nilikuwa nimeliacha barazani tangu asubuhi, jua la mchana limelipinda kama ndizi. Skrubu alizosema hazishiki kutu zilikuwa nyekundu kabla wiki haijaisha.

Nikampigia. Kwanza akasema nimegonga mwamba mwenyewe. Kisha akasema mzigo wangu ulichanganywa, nimwongezee 120,000 anitumie "yale ya daraja la kwanza". Nilipokataa akanifungia namba. Nimeongea na wenzangu wawili wa Nungwi, hadithi yao ni hii hii, mpaka hiyo hela ya nyongeza.

Dalili zilikuwepo na nilizipuuza, nazisema ili wewe usizipuuze. Hakuwa na lipa namba ya biashara, ila namba ya kawaida, na jina lililotokea nilipotuma halikufanana na lile la ukurasa wake. Aliniambia ni la dada wa ofisini. Nilimwomba nilipe mzigo ukifika Darajani, akakataa, akisema wateja ni wengi. Video aliyonitumia ilionyesha pezi zuri la kweli, ila halikuwa lake. Ningemwambia aandike jina langu kwenye karatasi, aiweke kando ya pezi, alikwaruze ukingo kwa kisu huku anarekodi, angeishia hapo hapo.

Faibaglasi yenyewe inajulikana ukiishika. Ninalo pezi la miaka mitano, matumbawe yamelitafuna ukingo wote lakini bado limenyooka. La namna hiyo, lisilopakwa rangi nzito, ukiliinua juani unaona nyuzi ndani zimepishana kama kitambaa, hazipo juu tu. Ukingo uliokwaruzwa unatoa nyuzi nyembamba zinazowasha vidole. Ukilikunja linapinda taratibu kuelekea nchani, kisha linarudi lenyewe. La plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi lina mstari mwembamba unaozunguka ukingo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Jaribio la kulitosa majini lisikudanganye, maana nailoni nayo inazama. Kwa skrubu beba sumaku: ikinata kwa nguvu, chuma hicho kitaliwa na chumvi.

Na sisemi plastiki ni mbaya. Kwa mbao za kujaza upepo mimi mwenyewe nataka pezi laini la plastiki, kwa sababu kile kisanduku cha pezi kimegundishwa tu tumboni mwa ubao. Ukiweka pezi gumu halafu ligonge mwamba, pezi litabaki zima na kisanduku kitang'oka, na kukirudisha ni kazi kubwa kuliko kununua pezi jingine. Kwenye maji yetu ya kupwa pezi fupi la inchi 4 au 5 linakufaa zaidi kuliko lile refu la inchi 9, liwe la kitu gani. Pezi laini likipindwa na jua, litie kwenye maji ya moto, linyooshe, kisha litose kwenye maji baridi, linarudi. Mwenye kuuza plastiki aseme plastiki na achukue bei ya plastiki, hatuna ugomvi naye. Huyu anauza uongo, na uongo wake unakatikia baharini, chini ya miguu ya mtu asiyejua kuogelea.

Nimepeleka picha za mazungumzo na meseji za miamala kituo cha polisi, na namba yake nimeiripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama amekuuzia na wewe, usifute meseji hata moja, ripoti, usiseme hela ni ndogo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na malalamiko ya watu wanne yana uzito kuliko la kwangu peke yangu.

Mapezi manne ambayo hayajakatika ninayo nyumbani Jambiani, pamoja na vipande. Ukitaka kuyaona na kuyashika kabla hujanunua popote, nitumie ujumbe, uje.