Risiti ya Bwana Nil: uzoefu wangu wa kudai gharama za safari

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nimelazimika kumweleza mume wangu habari za mwanamume ambaye hayupo duniani. Nitafika huko, ila nataka ieleweke mapema kwamba ninaandika nikiwa bado na hasira, na kwamba nyota nilizompa wakala wa kulipa gharama hizo nimezibadilisha mara mbili kabla ya kumaliza kuandika.

Ninaishi Rau, Moshi, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi nikiwa nyumbani, kwa mkataba, na kampuni moja ya Ulaya inayohitaji watu wa kusikiliza na kusahihisha sauti za Kiswahili. Mimi si mwajiriwa wao, na tofauti hiyo huwa huioni mpaka siku ya safari: mwajiriwa hupewa posho kabla hajafunga begi, ilhali sisi wa mkataba hutoa mfukoni mwetu kwanza, tukarudi, ndipo tukadai. Wala hatuidai kampuni yenyewe. Tunamdai wakala aliyekodiwa kushughulikia gharama za watu wa mkataba walio nje ya nchi yao, kupitia programu ya simu, na wakala huyo ndiye ninayemzungumzia hapa.

Safari ilikuwa ya Nairobi, siku nne za kazi, miezi michache iliyopita. Kampuni ilikodi gari lituchukue Arusha saa kumi alfajiri, mimi na wenzangu wawili, ili tuvuke Namanga mapema na tufike kabla ya mchana. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takriban kilomita 80, na kwa kuwa siijui kosta ninayoweza kuitegemea saa nane usiku, nililala Arusha katika nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, kwa shilingi 60,000. Chumba kilikuwa kisafi, na maji ya moto yalitoka kwa kusitasita lakini yalitoka. Wakati wa kulipa nilidai risiti, kwa sababu ule wito wa Mamlaka ya Mapato (TRA) wa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" umeniingia akilini kama sala, na binti wa mapokezi akanitolea risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, bila kuombwa mara ya pili.

Naomba nisisitize kuhusu karatasi hiyo. Katika hati zote nilizorudi nazo, hakuna iliyokuwa nzito kuliko hiyo. Ina TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mwenye biashara, ina tarehe na saa, na ina namba ya uhakiki ambayo mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA akaiona risiti ileile mbele yake. Mashine hizi zipo nchini tangu 2010. Si jambo la jana. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba sikutaja jina langu wakati wa kulipa, na mahali pa jina la mteja mashine ya pale ikachapa NIL, yaani hapana kitu.

Nilituma madai yangu yote kwa pamoja. Nauli ya kosta kutoka Moshi, ambayo konda hakunipa hata kipande cha tiketi, ilikubaliwa siku hiyohiyo. Bodaboda ya Arusha, iliyoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwenye fomu, ilikubaliwa. Chakula cha Nairobi, kwa risiti zilizomwagikiwa chai, kilikubaliwa. Kilichokataliwa ni chumba cha Arusha, na maelezo niliyopewa na mhudumu wao, nikiyatafsiri bila kuongeza chumvi, yalikuwa haya: risiti imetolewa kwa Bwana Nil, gharama za wenza na wageni wa mtoa huduma (yaani mimi) hazilipwi, tafadhali eleza uhusiano wako na Bwana Nil na sababu ya kumlipia malazi.

Ujumbe huo uliingia usiku, simu ikiwa mezani, na aliyeusoma kwanza ni mume wangu.

"Mama, huyu Nil ni nani?" aliniuliza, kwa ule utulivu wake ambao mimi naujua maana yake.

Nilimwonyesha risiti, tukaiangalia pamoja chini ya taa, akacheka mpaka watoto wakaamka. Mimi sikucheka. Mtu ambaye hajawahi kuniona ameketi mahali, ameandika kwa adabu zote za kiofisi kwamba nililala nyumba ya wageni na mwanamume, na kwamba sasa naomba kampuni inilipie. Hakuuliza kama ni kosa la mashine, wala hakuigusa namba ya uhakiki iliyo chini ya karatasi hiyohiyo. Nilijibu kwa urefu, nikaeleza maana ya NIL, nikaambatisha picha upya. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, likinishukuru kwa ushirikiano na kuniomba nitume kitambulisho cha Bwana Nil.

Kwa jumla nilituma picha ya risiti ile mara tano. Mara ya tatu ilinibidi niende kutoa kopi kwenye steshenari ya Double Road, kwa maana karatasi za mashine hizi hufifia, na yangu ilikuwa imeanza kupauka kwa kukaa kwenye mkoba. (Ukipata risiti ya EFD ya safari, ipige picha siku hiyohiyo, hilo nawashauri hata wasio na ugomvi na mtu.) Baba mkwe wangu, aliyetumika halmashauri kwa miaka mingi na kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha alizopewa mapema, kila alipotoka safari, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, sisi mhasibu alikuwa mkali, lakini ulikuwa unamfuata mezani kwake." Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Ukali wa mhasibu naukubali, kwa sababu fedha ni za watu. Ila huyu wangu hana meza, hana jina, na kila ujumbe huandikwa kana kwamba uliotangulia haukusomwa na mtu.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu nyota moja niliyoanza nayo ilikuwa ya ghadhabu. Baada ya wiki kadhaa nilipigiwa simu na kijana wa wakala huyohuyo, mwenye Kiswahili cha pwani, akaanza kwa kusema, "Dada yangu, kwanza nisamehe, hili jambo limenifikia leo." Aliifungua tovuti ya TRA nikiwa bado hewani, akaingiza namba, akanisomea jina la ile nyumba ya wageni na ile shilingi 60,000, na kabla sijamaliza kumshukuru dai likawa limeidhinishwa. Dakika nne, labda tano. Siku hiyo niliwapa nyota nne na nikawatetea mbele ya wenzangu. Aidha, hoteli ya Nairobi waliilipa wao moja kwa moja, na sikusumbuliwa hata kidogo.

Kisha fedha zikaingia. Nilidai jumla ya shilingi 214,000, zikaonekana benki 187,500. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba madai hugeuzwa kuwa yuro kwa kiwango cha siku ya kuidhinishwa, si cha siku niliyolipa, na kwamba makato ya benki zilizopo njiani ni juu ya mpokeaji. Yaani zile wiki zote walizokuwa wakimtafuta Bwana Nil, kiwango kilikuwa kikisogea, na aliyegharamia utafutaji huo ni mimi. Fedha si nyingi, najua, na pengine kuna walioonewa kuliko hapo. Lakini kuomba radhi hakuna hata mmoja aliyeniomba kwa maandishi, na ule ujumbe wa kwanza bado umo ndani ya programu, chini ya jina langu, na sijaona pa kuufutia.

Nyota mbili, basi, na moja kati ya hizo ni ya yule kijana peke yake. Akihamia kazi nyingine nitarudi kuiondoa. Safari nyingine inanukia, na mume wangu ameshaniomba nikilala tena Arusha nimsalimie mwenzake. Nimemjibu kwamba safari hii jina langu nitalitamka mapokezini herufi kwa herufi, hata foleni ikifika barabarani.