Printa ya kununua ukiwa na kishikwambi bila intaneti nyumbani

Ukimwambia muuzaji kwamba nyumbani huna intaneti, mara nyingi atakupa printa ya waya wa USB na kukuhakikishia kuwa ndiyo itakayokufaa. Kwa mwenye kishikwambi, hapo ndipo shida inapoanzia. Muuzaji amechanganya Wi-Fi na intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vilivyo karibu karibu, basi. Intaneti inaweza kupita humo, na inaweza isipite kabisa. Barua iliyo kwenye kishikwambi chako haina sababu ya kutoka nje ya chumba ili ifike kwenye printa iliyo mezani.

Kwa hiyo kuona alama ya Wi-Fi kwenye boksi hakutoshi. Uliza kama printa hiyo inarusha Wi-Fi yake yenyewe. Uwezo huo unaitwa Wi-Fi Direct, na Wi-Fi Alliance, muungano unaosimamia viwango vya Wi-Fi, ulianza kuuidhinisha mwaka 2010. Canon huuita Wireless Direct. Ukiuwasha, printa hujitokeza kwenye orodha ya Wi-Fi ya kishikwambi kwa jina ambalo mara nyingi huanza na neno DIRECT, na unajiunga nayo kwa nenosiri kama unavyojiunga na hotspoti ya simu. iPad nayo inaweza, kwa sababu huiona printa hiyo kama ruta ya kawaida.

Jambo la pili ni lugha ambayo kishikwambi na printa vitazungumza. Kwa iPad ni AirPrint, ambayo Apple iliitoa mwaka 2010. Kwa Android ni Mopria, iliyoasisiwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, na tangu Android 8 huduma ya kuchapisha imo ndani ya mfumo wenyewe. Printa yenye alama hizo mbili haikulazimishi kutumia programu ya mtengenezaji, na kwa asiye na intaneti huo ni uhuru mkubwa. Programu hizo hutaka kusasishwa, hutaka akaunti, na nyingine hazifunguki mpaka uingie kwenye akaunti hiyo. Angalia alama hizi kwa makini zaidi kama una iPad, maana zipo printa za bei nafuu zenye Wi-Fi Direct lakini zisizo na AirPrint.

Sasa niziweke kwa mpangilio wangu, kuanzia ile ambayo ningemnunulia mtu wa nyumbani kwangu.

1. Printa ya leza inayochapisha nyeusi tu, yenye Wi-Fi Direct

Kama unachapisha barua, fomu, mitihani, risiti na vyeti vya kawaida, usitafute zaidi ya hapa. Tona, yaani wino wa printa ya leza, ni unga, haikauki. Unaweza kuiacha printa miezi mitatu bila kuigusa, ukaiwasha, na ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Mtu anayechapisha mara mojamoja hupoteza wino mwingi kwa kusafisha vichwa vya printa ya wino, yaani matundu ya kutolea wino, kuliko anaoutumia kwenye karatasi, na watu hawaambiwi hili wanaponunua.

Mfano mzuri ni Brother HL-L2350DW. Ina Wi-Fi Direct, AirPrint na Mopria, na inachapisha pande mbili za karatasi yenyewe. Kasha lake dogo la tona hutoa takriban kurasa 1,200 na kubwa takriban 3,000. Ina skrini ndogo ya maandishi na vitufe, na mimi naihesabu kuwa sifa kubwa: unawasha Wi-Fi Direct na kusoma nenosiri papo hapo kwenye printa, bila simu, bila programu, bila akaunti. Printa ndogo zisizo na skrini hukulazimisha kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuhesabu taa zinavyomweka, au kuchapisha ukurasa wa taarifa ili uone nenosiri. Inawezekana, ila mtoto au mzee nyumbani hataweza peke yake.

Udhaifu wake ni umeme. Leza hupasha moto tona ili ishike kwenye karatasi, na wakati huo huvuta mamia ya wati. Kwa anayetegemea betri ndogo au sola ya kiasi, leza itamsumbua. Aende namba mbili.

2. Printa ya tangi la wino

Hii ni ya nyumba yenye wanafunzi, ya anayehitaji rangi, na ya anayetaka pia kuskani na kutoa nakala. Wino humiminwa kutoka kwenye chupa na gharama ya kila ukurasa hushuka sana. Epson L3250, kwa mfano, imekadiriwa na mtengenezaji wake kutoa kurasa 4,500 za nyeusi na 7,500 za rangi kwa seti ya chupa, na inapochapisha hutumia umeme kidogo mno ukilinganisha na leza.

Lakini fungua macho dukani. Epson L3210 inafanana sana na L3250 na huwekwa rafu moja nayo, ila haina Wi-Fi hata kidogo. Ni ya waya tu. Tofauti ya bei inavutia, na wengi hugundua wakishafika nyumbani. Mchezo ni uleule kwa Canon: jamii ya G2020 ni ya waya, ya G3020 ina Wi-Fi. Soma namba yote ya modeli, mpaka tarakimu ya mwisho, kwenye boksi na kwenye printa yenyewe.

Ukiichagua hii, jiwekee kawaida ya kuchapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki. Wino ukikauka kwenye vichwa, unaweza kutumia chupa nzima kuusafisha na bado mistari myeupe ikabaki.

3. Ruta ndogo, kama printa unayo tayari

Huenda huhitaji printa mpya. Kama uliyo nayo ina Wi-Fi ya kawaida lakini haina Wi-Fi Direct, kinachokosekana ni kitu cha kuikutanisha na kishikwambi, na ruta yoyote inafanya kazi hiyo hata kama haijaunganishwa na intaneti. Ruta ya zamani iliyolala kabatini inatosha. Ukinunua, nunua ndogo ya safarini kama TP-Link TL-WR802N, ambayo huendeshwa na umeme wa volti 5 kupitia USB, hivyo hata chaja ya simu au pawabenki inaimudu.

Unaiunganisha printa na ruta hiyo, kishikwambi nacho vilevile, na kazi imekwisha. Kwa nyumba yenye watu wengi naona njia hii ni bora hata kuliko Wi-Fi Direct, kwa kuwa printa nyingi hukubali vifaa vichache tu kwa wakati mmoja kwenye Wi-Fi yake, vitano hivi, na kila mtu hulazimika kuhama mtandao ili achapishe. Hakikisha mambo mawili. Ruta irushe masafa ya 2.4 GHz, maana printa nyingi za nyumbani hazisikii 5 GHz. Pia mpangilio unaotenganisha vifaa, ambao kwenye ruta nyingi huandikwa AP Isolation, uwe umezimwa. Ukiwaka, kishikwambi na printa vitakuwa kwenye mtandao mmoja bila kuonana.

Hotspoti ya simu inaweza kuchukua nafasi ya ruta bila gharama yoyote, mradi nayo uiweke kwenye 2.4 GHz. Simu nyingi za Android huendelea kurusha hotspoti hata data ikiwa imezimwa. Zima data hiyo, printa isije ikala bando lako kwa kupakua masasisho.

4. Printa ya kubeba yenye betri

HP OfficeJet 200, Canon PIXMA TR150 na Epson WorkForce WF-110 ni za mtu anayechapisha mikataba au ankara akiwa kwa mteja. Zinafanya kazi hiyo vizuri. Nyumbani sizishauri: katriji zake ni ndogo, wino wake ni ghali kwa kila ukurasa, na kwa TR150 betri huuzwa peke yake.

5. Printa ya picha

Kama shida yako ni picha za familia tu, Canon SELPHY CP1500 hujiunga moja kwa moja na kishikwambi na picha hutoka ikiwa kavu. Karatasi na utepe wa rangi huuzwa pamoja kwa idadi inayolingana, kwa hiyo unajua gharama ya kila picha kabla hujaanza. Barua ya A4 haitoi.

6. Printa ya joto ya Bluetooth

Huchapisha kwa kupasha moto karatasi maalumu, hivyo haitumii wino, na inaingia kwenye mkoba, lakini hutegemea programu yake maalumu, na karatasi yake hufifia ikipigwa na jua au joto. Kwa lebo na orodha za muda, sawa. Kwa hati ya kuhifadhi, hapana. Na usidanganywe na alama ya Bluetooth kwenye printa za kawaida za A4: mara nyingi iko pale kwa ajili ya kuunganisha siku ya kwanza tu, haipitishi kazi ya kuchapisha.

Zisizofaa kabisa

Usinunue printa iliyofungwa kwenye mpango wa HP+. Mpango huo unadai printa iwe imeunganishwa na intaneti wakati wote na itumie katriji halisi za HP tu kwa maisha yake yote. Modeli zenye herufi e mwishoni mwa jina ndizo za kuchunguza. Mipango ya kulipia wino kila mwezi kama Instant Ink nayo inahitaji printa iwe hewani. Hata ahadi ya kuchapisha kwa barua pepe au kupitia wingu usiilipie chochote, kwani haina maana bila intaneti na huduma yenyewe inaweza kuondolewa: Google Cloud Print ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na printa zilizoitegemea hiyo peke yake zikapoteza njia.

Kabla ya kulipa

Nenda dukani na kishikwambi chako. Kikiwa bado na intaneti, weka humo faili ya PDF yenye kurasa tatu au nne, iliyohifadhiwa kwenye kishikwambi chenyewe. Faili iliyo kwenye barua pepe au Google Drive ambayo hukuipakua haitachapishwa nyumbani, hata printa ingekuwa bora namna gani. Kisha washa hali ya ndegeni, washa Wi-Fi peke yake, na umwombe muuzaji awashe Wi-Fi Direct ya printa. Jiunge nayo. Android itakuonya kwamba mtandao huu hauna intaneti na kuuliza kama ubaki. Kubali, na kama kuna kisanduku cha kutouliza tena, kiweke alama, la sivyo siku ambayo hali ya ndegeni imezimwa kishikwambi kitaruka kurudi kwenye data ya laini katikati ya kazi. Fungua PDF, chagua kuchapisha, subiri jina la printa litokee.

Zikitoka kurasa zote, zima printa, iwashe upya, urudie. Zipo zinazosahau kuwasha Wi-Fi Direct baada ya kuzimwa, na ni afadhali ujue hilo ukiwa bado na pesa yako mkononi.