Mwaka wa kubadili kazi Nairobi: eCitizen, iTax na Huduma Centre kwenye mizani

Mwaka ukielekea ukingoni watu hukaa wakahesabu: kazi iliyoachwa, kazi iliyopatikana, ndoa iliyofungwa, mtoto aliyezaliwa. Kila moja ya hayo ina karatasi zake, na kwa mkaazi wa Nairobi karatasi nyingi sasa hupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), iTax (tovuti ya kodi) au Huduma Centre (vituo vya huduma za serikali). Hapa tunazipima huduma hizo tatu kwa macho ya mtu ambaye maisha yake yamebadilika ndani ya mwaka mmoja. Kwa aliyetulia kazini na nyumbani, zinafanya kazi vizuri sana. Aliyehama naye hupata vyeti vyake upesi, ila habari ya kuhama kwake haisafiri yenyewe kutoka ofisi moja hadi nyingine. Lazima aibebe mwenyewe, na akisahau kuifikisha mahali pamoja, huja akailipia kwa pesa taslimu.

eCitizen, iliyoanza mwaka wa 2014, ndiyo bora kati ya hizo tatu. Malipo ni kwa Paybill moja, 222222, na kwa huduma nyingi unaongeza shilingi 50 juu ya ada yenyewe. Stakabadhi na vyeti hubaki kwenye akaunti, kwa hiyo cheti kikipotea nyumbani unakichapisha tena. Udhaifu wake uko kwenye nambari ya simu na barua pepe, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha hutumwa huko. Wengi walifungua akaunti kwa anwani ya ofisi au laini waliyopewa na mwajiri. Siku ya mwisho kazini anwani hiyo hufungwa, na msimbo huanza kwenda mahali pasipofikika. iTax ina tatizo hilo hilo, tena kali zaidi, kwa kuwa neno la siri jipya hutumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa na pini, yaani nambari yako ya mlipakodi. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kuandika barua ya kujiuzulu, ni kuingia kwenye akaunti zote mbili na kuweka anwani ya kibinafsi. Kwenye iTax sehemu hiyo iko chini ya usajili, pale pa kurekebisha maelezo ya pini. Ukifanya hivyo ukiwa bado kazini inachukua dakika chache. Ukichelewa, itakubidi upange foleni na kitambulisho mkononi.

Cheti cha tabia njema ndicho kinachotafutwa zaidi na anayehamia kazi mpya, na hapa huduma inastahili sifa. Unaingia eCitizen, unachagua Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), unajaza maombi na kulipa shilingi 1,000 pamoja na zile 50. Kisha unachapisha stakabadhi ya malipo na fomu ya C24, na unakwenda kuchukuliwa alama za vidole kwenye Huduma Centre au makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Fomu ya C24 ina pande mbili, na pande zote mbili zinatakiwa kwenye karatasi moja ya A4. Saiba nyingi, yaani maduka ya kompyuta na intaneti, huichapisha kwenye karatasi mbili, na mwombaji anarudishwa akiwa ameshafika kaunta. Mwambie mhudumu mapema achapishe mbele na nyuma, na ubebe nakala ya ziada ya stakabadhi, nakala ya kitambulisho na kitambulisho chenyewe.

Alama za vidole ndiyo hatua inayoharibika zaidi, na sababu zake zinajulikana. Wino mweusi hupakwa kidole kimoja kimoja, kisha ofisa hukiviringisha kwenye kisanduku chake kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Legeza mkono, umwachie ofisa akugeuze vidole mwenyewe. Anayesaidia kwa kubonyeza huacha doa jeusi lisilo na mistari. Mikono yenye jasho nayo huchafua alama. Kwa fundi wa mawe, mshonaji viatu au mfua nguo, mistari huwa imelika kwa kazi. Mafuta ya kujipaka kila usiku kwa siku kadhaa kabla, na mapumziko kutoka kwa saruji au sabuni kali, huleta tofauti inayoonekana. Alama zisiposomeka maombi hukwama, na utatakiwa kurudi kuzichukua upya. Zikisomeka, cheti hutokea kwenye akaunti yako bila wewe kurudi ofisini.

Vyeti vingine vinavyokwenda pamoja na hicho, yaani vya KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na ofisi ya kumbukumbu za mikopo, tusikae navyo sana. Fomu ya EACC ni ya kujaza tu. Cheti cha ofisi ya mikopo ndicho ghali, shilingi 2,200, na ndicho cha kuacha hadi mwisho. Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka wa 2022, mwajiri hana ruhusa ya kudai vyeti hivi kabla hajakusudia kuandikiana mkataba na mtu. Anayevinunua vyote ili tu atume maombi ya kazi anatupa pesa.

Kabla ya kuaga kazi ya zamani kuna karatasi mbili za kuchukua ambazo hakuna tovuti itakayokupa. Moja ni cheti cha utumishi, haki yako chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 mradi umefanya kazi angalau wiki nne. Kinaonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, aina ya kazi na mahali pake. Nyingine ni P9, muhtasari wa mshahara na kodi ya mwaka. Waajiri wengi huitoa Januari au Februari, wakati wewe ushasahaulika pale ofisini. Iombe kwa maandishi kwenye barua ile ile ya kujiuzulu, na uweke anwani yako ya kibinafsi.

Sasa iTax, na hapa tutakaa, kwa sababu ndipo pesa zilipo. Ritani ya mwaka, yaani tamko la mapato na kodi yako, hupelekwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au 5% ya kodi unayodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Hayo wengi wanayajua. Wasichokijua wengi ni kwamba mwajiri hukata kodi kwa hesabu ya mwezi, ilhali sheria hutoza kwa hesabu ya mwaka mzima. Kwa mtu mwenye kazi moja hesabu hizo mbili hukutana. Kwa aliyebadilisha kazi hazikutani.

Chukua mfano. Mtu ana mshahara wa shilingi 50,000 kwa mwezi baada ya kuondoa NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na makato ya nyumba. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa 10%, shilingi 8,333 zinazofuata 25%, na zilizobaki 30%. Jumla ni shilingi 9,783. Ukitoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, kodi inabaki 7,383. Tuseme alifanya kazi miezi tisa tu, akakaa miezi mitatu bila mshahara kati ya kazi moja na nyingine. Amekatwa jumla ya shilingi 66,450. Kwa hesabu ya mwaka, mapato yake ni 450,000, kodi ni 72,400, na nafuu ya mwaka mzima ni 28,800. Alipaswa kulipa 43,600 pekee. Serikali inashikilia shilingi 22,850 zake, ambazo ni kama 7,617 kwa kila mwezi aliokaa bila kazi. Ndizo pesa ambazo watu huziacha pale wanapopeleka ritani ya sufuri wakidhani kwamba kwa kuwa sasa hawana kazi, hawana la kutangaza. Ritani ya sufuri ni ya asiyepata chochote mwaka mzima. Aliyefanya kazi hata miezi miwili anajaza ritani kamili.

Upande wa pili unauma. Mwezi ambao mwajiri wa zamani anakulipa malimbikizo ya likizo na mpya anakulipa mshahara, wote wawili huanza kuhesabu kutoka kwenye ile 10% na wote wawili hukupa nafuu ya 2,400. Kama kila malipo yanapita shilingi 32,333, na miezi yako mingine yote ilikuwa na mshahara wa kiwango hicho, mwezi huo mmoja hukuachia deni la kama shilingi 7,617. Deni hilo latakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya ritani. Anayesubiri Juni anaongezewa adhabu ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi. Dawa ni kumwambia mwajiri mpya ulichokwisha kulipwa mwezi ule, ili asikupe nafuu mara ya pili.

Kujaza kwenyewe si kugumu. Kwenye sehemu ya mapato ya ajira unaweka pini ya kila mwajiri na tarakimu za P9 yake, mstari mmoja kwa kila mwajiri. Kodi iliyokatwa huwekwa vivyo hivyo kwenye sehemu ya makato ya PAYE, yaani kodi inayokatwa mshaharani. Nafuu ya 28,800 huandikwa mara moja tu, hata kama kila P9 inaonyesha sehemu yake. Mfumo huzilinganisha tarakimu zako na zile alizopeleka mwajiri. Zikipishana, mara nyingi mwajiri alikosea herufi ya pini au hakupeleka jina lako mwezi fulani. Usizibadilishe zako zifanane na za mfumo. Mwandikie mwajiri arekebishe, kwa kuwa kosa ni lake na kodi ilitoka mfukoni mwako. Jaza pia akaunti ya benki, kisha, ukishapokea risiti ya ritani, peleka ombi la kurudishiwa kwenye sehemu yake. Marejesho hayaji bila kuombwa. Hili ndilo doa kubwa la iTax: inakokotoa kwamba inakudai wewe na kukukumbusha, lakini ikiwa wewe ndiye unayeidai, inakaa kimya. Cheti cha kutodaiwa kodi, kwa upande mwingine, ni huduma nzuri. Hutolewa bure, hukaa miezi 12, na ritani zikiwa zimekamilika bila deni hakikawii.

NSSF nambari ni ile ile maisha yote. Mpe mwajiri mpya nambari yako ya zamani, maana wengine hufunguliwa ya pili na michango ikagawanyika. Soma taarifa ya michango kabla ya kuondoka. Ukikuta mwezi uliokatwa haukupelekwa, ni rahisi kufuatilia ukiwa bado ndani. Kwa HELB, mwezi usio na mshahara bado ni mwezi wa deni. Anayekosa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, basi lipa mwenyewe ulicho nacho na uwaarifu, usingoje mwajiri mpya aanze kukata.

SHA inahitaji tahadhari zaidi. Kazini hukatwa 2.75% ya mshahara. Ukiondoka, michango hiyo inasimama, na asiye na mshahara hulipa kwa mwaka, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Piga *147# uone hali yako kabla ya kuihitaji hospitali. Kwa familia inayotarajia mtoto miezi hiyo, hili lisicheleweshwe hata wiki moja.

Mtoto akizaliwa, hospitali hutoa arifa ya kuzaliwa. Sajili ndani ya miezi sita, kwani baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi mwingi zaidi. Baba aliyeajiriwa ana wiki mbili za likizo yenye mshahara na mama miezi mitatu. Waliokusudia ndoa ya kiserikali pale Sheria House, Harambee Avenue, wahesabu siku 21 za ilani kabla ya tarehe wanayoitaka. Mke akichukua jina la mume, mpangilio ni kitambulisho kwanza, kisha pini ya KRA, NSSF, SHA na benki. Ukianza na benki, majina yatapishana na mshahara wa kwanza wa kazi mpya unaweza kurudi ulikotoka.

Huduma Centre, zilizoanza mwaka wa 2013, bado zinahitajika kwa mambo mawili ambayo simu haiwezi: vidole, na akaunti iliyofungika. Katikati ya jiji kuna ya GPO na ya City Square. Wakaazi wa Eastlands wana Makadara, na ziko nyingine Eastleigh na Kibra. Wahudumu wengi ni wasikivu na kazi ya kaunta moja huisha haraka. Kasoro ni kwamba kila kaunta ina foleni yake, hivyo mwenye shughuli tatu anapanga mara tatu ndani ya jengo moja. Epuka wiki ya mwisho ya Juni, na usiende bila kitambulisho halisi.

Saiba nayo ina nafasi yake, hasa kwa asiye na kompyuta. Kaa karibu na mhudumu, uangalie kioo anapofika kwenye barua pepe. Baadhi huweka yao ili kazi iende haraka, na mwaka ujao utakuta pini yako iko mikononi mwa mtu aliyeshafunga duka. Andika neno la siri wewe mwenyewe, chukua risiti ya ritani yenye nambari yake, kisha uhakikishe akaunti imefungwa kwenye ile kompyuta kabla hujainuka.