Hati za Google kwa anayeandika riwaya ya kwanza huku ana kazi nyingine

Wengi wanaoandika riwaya ya kwanza ya Kiswahili wana kazi nyingine inayowalisha. Ni walimu, wauguzi, makarani, wauza duka, na wanaandika kwa vipande: dakika ishirini kabla ya kipindi cha kwanza, nusu saa watoto wakishalala. Mtu wa namna hiyo anahitaji programu inayofunguka kwenye simu ya kawaida, isiyodai bando kila mara, na isiyopoteza maneno chaji ikikata katikati ya sentensi. Kwa hayo matatu, Hati za Google (Google Docs) inafaulu, na ni ya bure. Tunaipendekeza kwa kuandika rasimu na kufanya kazi na mhariri. Kwa kupanga kurasa za kitabu haifai, na isiachiwe peke yake kazi ya kutunza mswada.

Kuandika pembeni ya ajira si jambo geni katika fasihi yetu. Shaaban Robert aliajiriwa forodhani mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya Zanzibar, kisha mhariri wa magazeti, kabla ya hadithi yake ya upelelezi kushinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58. Leo shida iliyoongezeka ni kwamba mswada unakaa ndani ya simu ileile yenye picha za harusi, vikundi vya WhatsApp na miamala ya pesa.

Na shida ya kwanza inatokea hapo hapo. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, picha na hati. Riwaya nzima ni maandishi tu, haichukui nafasi ya kutajika. Lakini nakala rudufu ya WhatsApp kwenye Android nayo sasa inahesabiwa humo, pamoja na video zote za kikundi cha ukoo. Nafasi ikijaa kupita kiwango, hutaweza kuhariri hati zako mpaka upunguze. Mwandishi anafungua sura ya kumi na mbili usiku, anaikuta inasomeka lakini haiandikiki, na anadhani programu imeharibika. Dawa ni rahisi: fungua akaunti ya pili kwa ajili ya uandishi peke yake, isiyounganishwa na picha wala WhatsApp. Ila uwe unaiingia mara kwa mara, kwa sababu akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa.

Usitumie akaunti ya kazini. Barua pepe ya shule, benki au shirika iko chini ya mwajiri. Ukiacha kazi inafungwa, na mswada unafungwa nayo. Tena msimamizi wa mfumo anaweza kuwa na uwezo wa kuona kilichomo. Kama mhusika wako mkorofi anafanana sana na bosi, hilo peke yake ni sababu tosha.

Kuandika bila mtandao kunafanya kazi vizuri, mradi uandae mapema. Ukiwa na bando, gusa vidoti vitatu kando ya jina la faili na uwashe chaguo la hati kupatikana nje ya mtandao. Fanya hivyo kwa kila faili unalotarajia kuligusa, usingoje kuwa ndani ya basi. Balaa hutokea mtu anapotumia vifaa viwili: ameandika aya tatu kwenye simu bila mtandao, kisha anafungua kompyuta na kusahihisha aya zilezile kabla simu haijatuma mabadiliko. Programu itaunganisha vyote viwili, na matokeo yake ni sentensi zilizoingiliana. Kwa hiyo unapohama kifaa, washa data kwenye kile cha kwanza, fungua hati, subiri ioneshe kwamba imehifadhiwa, ndipo uhamie kingine.

Hati moja inabeba hadi herufi milioni 1.02. Riwaya ya maneno 60,000 ya Kiswahili ni kama herufi 400,000, kwa hiyo ingeingia yote bila tatizo. Kikwazo ni simu. Kwenye simu yenye RAM ndogo, faili refu huanza kusuasua: unagusa herufi, inatokea baadaye. Gawa mswada kwa sura, faili moja kila sura, na majina yaanze na namba yenye tarakimu mbili (01, 02, 03) ili sura ya 10 isitangulie ya 2. Weka faili jingine la wahusika, lenye umri wao, makazi, nani ni shangazi wa nani, na gari la mjomba lilikuwa rangi gani. Usichanganye maelezo hayo na sura, maana yataongeza idadi ya maneno na kukudanganya kuhusu ulipofika. Idadi hiyo ina maana kwa mwenye kazi nyingine: maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni rasimu ya maneno 60,000 ndani ya wiki 40. Mwalimu atoe wiki za kusahihisha mitihani, muuguzi atoe za zamu za usiku. Mpango usiotoa hizo hudumu mwezi mmoja tu.

Kwenye simu, zima mpangilio wa kuchapisha ili maandishi yajae kioo bila kuyavuta kushoto na kulia. Kichwa cha kila sura kipe mtindo wa Kichwa cha 1 badala ya kukikuza kwa mkono. Hapo ndipo muhtasari wa hati utakapokionesha, na mpangaji kurasa atakushukuru baadaye.

Adui mkubwa wa Kiswahili humu ni kibodi. Kibodi iliyowekwa kwa Kiingereza husahihisha unachoandika bila kuuliza: “kama” inaweza kugeuka “karma”, na ukiandika haraka huoni. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, ongeza Kiswahili katika orodha ya lugha (kuna cha Tanzania na cha Kenya), kisha zima usahihishaji wa moja kwa moja na ubaki na mapendekezo tu. Majina ya wahusika na ya mitaa yaingize katika kamusi yako binafsi ndani ya kibodi. Ni kazi ya robo saa, na inaokoa siku nzima za uhariri.

Kuandika kwa sauti kupo pia kwa Kiswahili. Kunafaa kunasa wazo au mazungumzo yaliyokujia ukiwa unapika, mahali palipotulia. Usitegemee zaidi ya hapo. Alama za uandishi hukosekana, mazungumzo ya watu watatu yanatoka kama mtu mmoja anayeropoka, na lahaja inapotoshwa kuliko Kiswahili sanifu. Mwandishi ambaye wahusika wake wanasema Kimvita au Kimakunduchi atatumia muda mwingi kurekebisha kuliko angetumia kuchapa mwenyewe.

Kuhusu tahajia, usitarajie msaada wa maana. Hati inayodhani unaandika Kiingereza itapiga mistari myekundu chini ya karibu kila neno. Kwenye kompyuta ingia sehemu ya zana na uzime mapendekezo ya tahajia ili macho yapumzike. Upatanisho wa ngeli, r na l zilizobadilishana, “h” iliyodondoka: vyote hivyo vinamsubiri binadamu.

Kifaa cha kutafuta na kubadilisha ni kizuri, lakini kwa Kiswahili kinahitaji tahadhari ambayo maelekezo ya kawaida hayasemi. Tuseme umeamua Juma aitwe Salehe. Ukiamuru vyote vibadilike kwa mpigo, Jumamosi itakuwa Salehemosi na Jumatatu Salehetatu. Ukimgeuza Asha kuwa Zuhura bila kulinganisha herufi kubwa na ndogo, “washa taa” inakuwa “wZuhura taa”, na kasha la nguo nalo haliponi. Fanya kazi hii kwenye kompyuta. Kwa Asha, chagua kulinganisha herufi kubwa na ndogo. Kwa Juma hilo halitoshi, maana Jumamosi nayo huanza kwa herufi kubwa: washa chaguo la misemo ya kawaida (regular expressions, yaani alama maalumu za kuongoza utafutaji) na uandike \bJuma\b, ambayo inakamata neno zima peke yake. Kisha pitia moja moja hata hivyo.

Pahali programu hii inapozishinda nyingi ni katika kazi ya watu wawili. Mpe mhariri kiungo chenye ruhusa ya kutoa maoni, si ya kuhariri. Hapo kila anachogusa kinakuja kama pendekezo: neno la zamani limekatwa, jipya liko pembeni, na wewe unakubali au unakataa. Kwa mwandishi mpya hili ni darasa, maana anaona kosa lake limerudiwa mara ngapi na sentensi yake imepunguzwa wapi. Usikubali yote kwa mpigo. Mhariri mzuri anaweza kunyoosha sentensi uliyoipinda kwa makusudi, na usipoisoma hutajua imeondoka. Hakikisha pia ushiriki wa jumla umezuiwa. Kiungo cha “yeyote mwenye kiungo” kikitupwa kwenye kikundi cha WhatsApp hakina mwenyewe tena. Na kama unakusudia kushiriki tuzo, soma masharti kabla ya kurusha sura mtandaoni, kwani mashindano mengi ya miswada yanataka kazi ambayo haijachapwa popote.

Historia ya matoleo, yaani orodha ya hali za awali za hati yako, ni hazina ambayo wengi hawaigusi. Unapomaliza rasimu, kwenye kompyuta lipe toleo hilo jina, mfano “Rasimu 1 kabla ya mhariri”. Matoleo yasiyo na majina yanaweza kuunganishwa na programu kadiri muda unavyopita, na ile aya uliyoifuta ikawa haipatikani. Majina yanayoruhusiwa ni 40 kwa hati, yanatosha.

Hata hivyo simu huibwa na laini hutekwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na namba za akiba za kuingilia (backup codes) ziandike kwenye karatasi ikae nyumbani, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwenye simu ambayo huna tena. Kila mwisho wa wiki pakua sura ulizogusa kama faili la Word, uzitume kwa barua pepe nyingine au uziweke kwenye flashi.

Siku ya kupeleka kwa mchapishaji, unganisha sura zote kwenye hati moja ukiwa kwenye kompyuta, si simu. Kila sura ianze kwa mkato wa ukurasa badala ya kubonyeza Enter mara nyingi, na mwanzo wa aya usogezwe kwa mpangilio wa aya badala ya nafasi tano. Kagua alama ya ritifaa: simu mara nyingi huweka ' iliyonyooka, kompyuta huweka ’ iliyopinda, na “ng'ombe” wa sura ya tatu akawa tofauti na “ng’ombe” wa sura ya tisa. Chagua moja. Alama za kunukuu ni vivyo hivyo. Halafu pakua kama .docx na uifungue kwenye Word au LibreOffice kabla ya kuituma, maana namba za kurasa na nafasi kati ya mistari ndizo zinazoyumba zaidi katika uhamisho huo, na mchapishaji ataziona kabla hajasoma sentensi ya kwanza.